Mkono wa Kushoto wa Fundi Bosko

Tina, ile ya kuyeyushia rangi ya mafuta, ina harufu isiyojua kuaga. Ukijimwagia kidogo leo, wiki ijayo mtu bado atakuuliza kama nyumbani mnapaka rangi. Kwa hiyo juzi, Anjela alipoingia ofisini kwangu amekumbatia mfuko wa salfeti kwa mikono miwili, nilijua kilichomo kabla hajakaa. Nilijua pia kwa nini amekuja yeye na si baba yake. Mimi, mtu mzima mwenye miwani na vijana wawili wa kuwatuma, nikaanza kulia juu ya ramani ya nyumba ya watu.

"Tumemzika Jumamosi, Masasi," alisema. "Tulikupigia dada, hukupatikana."

"Nilibadilisha namba," nikasema, kana kwamba hilo lingemsaidia mtu.

"Alisema hii ni ya Rukia. Akarudia mara mbili, tusije tukasahau."

Nikamwagizia chai. Mfuko hatukuufungua palepale. Niliogopa kidogo, na nilitaka kwanza nimweleze huyu binti baba yake alikuwa nani kwangu. Yeye alikuwa mchanga wakati huo, hakuwapo.

Fundi Bosko alikuwa mpangaji wetu Gerezani, kwenye nyumba ya Bibi, hatua chache tu kutoka Kariakoo. Siku hizi mwendokasi unapita karibu na hapo, na nyumba yenyewe imekuwa ghorofa la maduka ya spea. Bibi, mama yake baba, ndiye aliyekuwa mwenye nyumba na mwenye kauli. Babu zake walitoka Uarabuni, lakini yeye hakuwahi kufika mbali zaidi ya Tanga. Tulikuwa na vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi, na nyuma uani palikuwa na bomba, majiko na kamba za nguo. Fundi alikaa chumba cha mwisho, chenye dirisha la kuangalia uchochoro, peke yake. Mkewe na huyo Anjela walikuwa bado kwao Masasi.

Kazi yake ilikuwa mabango. Wenzangu wa umri wangu mnakumbuka: kabla ya haya ya kuchapisha, yanayopauka kwa jua la miezi mitatu, kila saluni ya Kariakoo ilikuwa na ubao wenye vichwa vya wanaume vilivyopangwa kama mayai kwenye trei, kila kichwa na mtindo wake wa kunyoa na namba yake. Vingi vilitoka kwenye brashi ya Fundi Bosko. Nikipita na mama sokoni nilikuwa nikivisalimia kimoyomoyo. Vyote vilikuwa na macho ya upole na pua moja ileile, na chini yake ameandika kwa herufi zenye kivuli: AKILI NI NYWELE. Niliamini kabisa kwamba maneno hayo ameyatunga yeye. Mwalimu wetu alipoyasema siku moja darasani, akaongeza kwamba kila mtu ana zake, nilimwona mwizi.

Hata Bibi, mgumu wa kusifu, alikuwa amesalimu amri. Alimwomba Fundi amwandikie mlango wa mbele, na siku Bibi alipokwenda msibani Ilala, Fundi akaandika MASHALLAH kwa rangi ya kijani yenye kivuli cha njano. Bibi aliporudi alisimama barabarani muda mrefu na vyombo vyake vya msibani kichwani. Tangu siku hiyo, kila mgeni alielezwa. "Ameandika Mkristo," alikuwa akisema, "lakini tazama herufi zilivyo na adabu."

Mimi nilizaliwa mashoto. Nyumbani kwetu mkono wa kushoto una kazi zake, na mnazijua, si za mezani. Huli kwa huo, humpi mtu kitu kwa huo, hupokei kwa huo. Nilikuwa nikinyoosha kushoto kupokea andazi, Bibi analirudisha kwenye sahani, ananitazama mpaka nibadilishe. Hilo nililizoea kama mtoto anavyozoea kuvua viatu mlangoni. Balaa lilianza nilipoingia darasa la kwanza na penseli ikachagua mkono wake. Bibi alisema samaki mkunje angali mbichi. Akachana ukanda kwenye pindo la kanga kuukuu, akanifunga mkono wa kushoto kiunoni, kila siku nikitoka shule mpaka sala ya Magharibi.

Nimtendee haki marehemu. Hakunipiga hata mara moja, na alikuwa akinifunga huku ananiombea dua. Aliamini kwa moyo wote kwamba ananiepusha na aibu ya maisha. Tena alikuwa amenipangia siku ya kikomo: Idd, ambapo shangazi yake baba angekuja kutoka Tanga, mwanamke mwenye ulimi. Asije akaona mtoto wa nyumba hii anaandika kwa mkono wa chooni.

Kwa mkono wa kulia herufi zangu zote zililala chali. Mwalimu akamwita mama, akamwambia kwamba mwezi ukiisha bila mabadiliko, nirudishwe chekechea. Mama akamwambia Bibi, Bibi akakaza fundo. Mimi nikaacha kunyoosha mkono darasani, maana sikuwa na uhakika tena ninyooshe upi. Majibu nilikuwa nayajua. Nilikaa nayo mdomoni mpaka wengine wakayasema, na nilichukia sana.

Sasa katika wiki hizo saluni moja mtaa wa pili ilifungwa, na mwenyewe akampa Fundi kioo kikubwa kilichovunjika kona. Fundi akakiegemeza ukutani chumbani mwake, akakitazama jioni nzima. Asubuhi alimfuata Bibi uani, akapiga magoti kidogo kama ilivyo desturi ya kwao, akatoa taarifa.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, Bosko."

"Bibi, nimechora vichwa vya Kariakoo nzima. Huyu wa kwenye kioo simfahamu. Nataka nimchore."

Bibi alifikiri huku anachambua mchele. Kwake picha za sura za watu hazikutundikwa ukutani. "Mchore," alisema mwishowe. "Lakini asitoke chumbani kwako. Na ikifika Magharibi mfunike, malaika wapite."

Basi kila Jumapili Fundi akitoka kanisani alijifungia, akachora kwenye kipande cha plaiwudi kwa mwanga wa dirisha la uchochoroni. Ukibisha, aliweka brashi chini kwanza ndipo afungue. Alisema hawezi kujitazama huku anatazamwa. Mimi nilibisha kuliko watu wote, na Jumapili ya tatu akachoka, akaniruhusu nione. Uso ulikuwa tayari. Chini ya shingo palikuwa na mistari ya penseli tu, shati bado, mikono bado.

Niliogopa. Vichwa vyake vyote nilivyovijua vilikuwa vya upole, na hiki kimekunja uso, nyusi zimesogeleana, macho yamenikazia, mdomo umefungwa. Kilikuwa yeye kabisa. Hata ile alama ndogo nyeusi aliyokuwa nayo chini ya jicho la kulia, ambayo siku zote nilidhani ni rangi iliyomrukia ikagoma kutoka, ilikuwapo.

"Fundi, umemkasirikia nani?"

"Sijakasirika."

"Umekasirika. Huyo amekasirika."

Aliinama akaitazama picha kana kwamba mimi ndiye mteja. "Huyo anatazama tu," alisema. "Mtu akitazama kitu kwa dhati, sura inakuwa hivyo. Hata wewe ukisoma bango la mbali unakunja."

Sikumwamini. Mimi niliona uso wa mtu anayejua kosa langu. Labda Fundi naye aliliona hilo, maana macho yake yalishuka mpaka kiunoni kwangu, kwenye ule ukanda.

"Mkono huo una kidonda?"

"Hapana."

"Sasa?"

"Una tabia mbaya."

Hakucheka, wala hakunipa pole. Alikaa kwenye kigoda chake akaniuliza tabia gani, nami nikamweleza yote: andazi, penseli, shangazi wa Tanga, chekechea. Nilimweleza huku nikiutazama ule uso wa kwenye plaiwudi, kwa sababu ule wake halisi ulikuwa mpole mno, ungeniliza. Nilipomaliza alisema, "Haya, nenda, Bibi atakutafuta." Nilitoka na hasira naye. Nilikuwa nimetegemea kwamba mtu mzima akisikia habari nzima, atafanya kitu.

Jumapili iliyofuata mlango haukufunguliwa kwa mtu yeyote mpaka saa kumi. Kisha Fundi akatoka amevaa shati lake jeupe la kanisani, akamwita Bibi rasmi kabisa. "Mgeni wangu amekamilika. Njoo umwone, na mjukuu wako."

Bibi alisimama kizingitini, upindo wa kanga puani kwa ajili ya tina. Baadaye alituambia kwamba alitazama kwa jicho moja tu, ili dhambi iwe nusu. Fundi akavuta shuka.

Alikuwa amejichora nusu mwili, na shati lilelile jeupe, kitana kimechungulia mfukoni, nyuma yake ubao wa saluni wenye AKILI NI NYWELE. Uso ulikuwa uleule. Na mkono ulioshika brashi, umeinuliwa mbele ya kifua, kila kidole kimechorwa kwa subira mpaka rangi iliyonasa chini ya kucha, ulikuwa wa kushoto.

Nilihakikisha mara mbili kwa kumpa mgongo yule mtu wa kwenye picha na kulinganisha mwili wangu na wake. Ndio uleule. Upande wangu uliofungwa. Uso haukuwa umebadilika hata unywele, lakini sasa niliusoma upya. Haukuwa wa hasira hata kidogo. Ulikuwa uso wa mtu aliyeficha jambo miaka yote, akala kwa kulia, akapokea kwa kulia, kisha siku moja akachoka kujificha na akaamua kusimama hivyo, wamtazame watakavyo. Nilimpenda mtu yule kuliko mtu yeyote duniani wakati ule, Bibi akiwamo.

Bibi alisahau habari ya jicho moja, akafungua yote mawili. "Bosko. Kumbe wewe mashoto?"

"Bibi," alisema Fundi taratibu, "maandishi ya mlango wako yana kasoro?"

"Hayana."

"Kuna mgeni amelalamika?"

"Nani alalamike?"

"Basi tumshukuru Mungu."

Bibi aliitazama picha, akamtazama Fundi, akatazama kiuno changu. Kisha akavuta shuka mwenyewe, akaifunika picha, akasema Magharibi imekaribia, akaenda kutawadha. Baada ya sala aliniita uani. Fundo alikuwa amelikaza mno siku hiyo, ikabidi alifungue kwa meno, na alipomaliza alinishika ule mkono, akausugua pale ukanda ulipoacha alama.

"Kula, kulia," alisema. "Kupokea, kulia. Kuandika, fuata njia ya fundi wako."

Ukanda wa kanga akafungia mdomo wa gunia la mkaa. Idd ilipofika, shangazi wa Tanga alinikuta sebuleni naandika jina lake kwenye karatasi ili nimpe. Akavuta pumzi ya kusema, Bibi akamuwahi. "Mlango uliousifia hapo nje," alimwambia, "aliyeuandika ni hivyohivyo." Shangazi akaichukua karatasi yake, niliyompa kwa mkono wa kulia, akaikunja, akaitia mkobani. Chekechea sikurudishwa.

Mwaka uleule mkewe Fundi akaja na mtoto, wakahamia Ilala, na picha ikaenda nao. Nilibaki na kiburi cha mtu mwenye mwenzake mahali fulani mjini. Nilikiringia mpaka nikafika kama miaka kumi na miwili. Siku moja nilitumwa Mchafukoge, nikamkuta Fundi kazini. Alikuwa ndani ya duka la dawa, amesimama mbele ya kioo cha dirisha, anaandika jina la duka kwa upande wa ndani, ili mvua na mikono ya watu visilifute. Aliandika kinyume, herufi kwa herufi, kutoka mwisho kwenda mwanzo, ili sisi wa nje tusome sawasawa. Hakuwa na kielelezo, hakufuta mahali. Watu walikuwa wamesimama kumshangaa. Mimi herufi sikuzitazama. Nilitazama mkono, nikampa mgongo kama nilivyofanya utotoni, nikalinganisha. Kulia.

Nilirudi nyumbani bila kumsalimia. Niliona nimechezewa, na kwa wiki nzima nilikuwa mkali kwa kila mtu bila kusema sababu. Sekondari ndipo mwalimu wa fizikia alipotueleza habari za kioo, kwamba ukijitazama, mkono wako wa kulia unaonekana umekaa kushoto. Nikacheka peke yangu darasani. Kumbe Fundi hakudanganya wala hakufichua. Alichora alichokiona kwenye kile kioo cha saluni, basi, na mimi nikaokolewa kwa bahati. Nilimsamehe siku hiyohiyo. Nilianza kumtembelea kwake Ilala, nampelekea sukari kila Krismasi, tunazungumza mpaka chai inakwisha, lakini habari ya mkono hatukuigusa hata siku moja. Niliona nitamwaibisha. Nikakua, nikawa mchora ramani za majengo, kazi ya mkono huuhuu. Na kisa cha kioo nimekisimulia arusini na ofisini kwa zaidi ya miaka ishirini. Watu hucheka sana, na mimi hujiona mjanja.

Ndivyo nilivyomsimulia na Anjela, na kichekesho cha kioo mwishoni. Hakucheka. Alikunywa chai yake, akaufungua mfuko, akaiegemeza picha kwenye kabati.

Kona moja imeliwa na unyevu, vinginevyo yuko vilevile. Nilikuwa nimesahau jinsi ilivyo nzuri. Nimewahi kuona picha za watu wenye majina makubwa, na sijaona uso mtulivu namna ile. Hajipendezeshi. Hajihurumii. Amekaza macho kama mtu aliyeamua kutazama jambo mpaka alione lote, na amejipa muda. Nikaelewa kwamba aliniambia kweli siku ile: alikuwa anatazama tu.

"Baba hakuwa mashoto," alisema Anjela.

"Najua. Ndiyo nakwambia, ni kioo kili—"

Sikumaliza. Nilikuwa nimeona kitana. Kilikuwa kwenye mfuko wa shati, na mfuko uko kifuani kushoto, mahali ulipo mfuko wa kila shati. Nikatazama alama nyeusi. Iko chini ya jicho la kulia, ilikokuwa maisha yake yote. Nikatazama ubao nyuma yake: AKILI NI NYWELE, unasomeka kuanzia mwanzo kwenda mwisho. Kioo kikigeuza kinageuza vyote. Hakichagui mkono kikaacha mfuko. Na mtu aliyeweza kuandika jina la duka zima kinyume bila kufuta mahali hashindwi kurudisha mkono mmoja mahali pake. Alirudisha kila kitu. Mkono peke yake ndio alioupeleka kushoto.

Nilikaa. Nilimkumbuka Bibi, aliyepokea vitu kutoka mkono wa kulia wa mpangaji yule miaka kadhaa, mwanamke asiyepitwa na jambo ndani ya nyumba yake. Sasa nashuku naye alijua. Alipewa pa kutokea bila kuaibika, akatokea. Mjanja wa hadithi hii peke yangu ndiye niliyekuwa sijui.

"Mama alikuwa anamsumbua sana kuhusu huo mkono," Anjela aliendelea. "Mafundi wenzake wakija nyumbani wanamcheka, eti mchoraji mzima amekosea mkono wake mwenyewe. Mama anamwambia, si uurekebishe, ni kazi ya dakika kumi. Yeye anajibu tu, 'Uacheni, una mwenyewe.' Mpaka amefariki hatukujua anamsema nani."

Nikainuka, nikaenda mbele ya picha. Nikaweka kiganja changu cha kushoto juu ya ule mkono uliochorwa, kidole kwa kidole, tina ikinipanda puani.

"Mwenyewe ni mimi," nikamwambia.